Tone Moja la Mafuta na Nambari ya Spea: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutengeneza Kompyuta Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani si kitu cha anasa tena. Wakazi wa Kaunti ya Kilifi huitumia kujaza ritani za ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, kuomba vyeti na leseni kupitia eCitizen, kufanyia kazi za shule na kuendesha biashara ndogo za uchapishaji. Inapoanza kunguruma, kuzima ghafla au kukataa kuchaji, wengi hujaribu kuitengeneza wenyewe kabla ya kumwita fundi. Hakuna ubaya katika hilo. Kazi nyingi ndogo zinaweza kufanyika mezani kwa bisibisi, brashi na subira.

Hasara hutokea hasa wakati wa kununua vifaa. Feni hutiwa mafuta ya kupikia, chaja huchaguliwa kwa sababu ncha yake inaingia kwenye tundu, na betri hununuliwa kwa kutazama bei peke yake. Kompyuta ambayo ingepona kwa gharama ndogo huharibika kabisa, na pamoja nayo hupotea picha za familia, hesabu za duka na kazi za watoto. Betri mbaya inaweza hata kuwasha moto ndani ya nyumba.

Makala haya yanaeleza vilainishi na spea zinazofaa kwa kazi za nyumbani, na yale yanayopaswa kuepukwa. Mambo mawili yakumbukwe tangu mwanzo. Kwanza, kompyuta ina sehemu chache sana zinazohitaji mafuta. Pili, spea ya kompyuta haichaguliwi kwa macho. Huchaguliwa kwa nambari zilizoandikwa juu yake.

MAADUI WATATU: CHUMVI, VUMBI NA JOTO

Katika miji iliyo karibu na bahari kama Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, hewa hubeba unyevu na chumvi. Chumvi hiyo hutua kwenye sehemu za chuma na shaba ndani ya kompyuta na kuleta kutu. Kuelekea bara, pande za Ganze, Bamba na Mariakani, adui mkubwa ni vumbi. Vumbi huziba njia za hewa na kuchanganyika na mafuta ya feni hadi yakawa matope. Kote katika kaunti, joto huifanya feni izunguke kwa kasi na kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, dawa ya kwanza ya kompyuta inayopiga kelele au kupata joto si mafuta wala spea mpya. Ni kuisafisha. Kompyuta izimwe, ichomolewe kwenye stima, na betri itolewe ikiwa inatoka. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu au kwa kipulizia hewa. Wakati wa kupuliza, feni ishikwe kwa kidole au kijiti isizunguke, kwa kuwa kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi kunaweza kuiharibu. Baada ya hapo ndipo mwenye kompyuta atajua kama tatizo limebaki.

Ni vyema pia kusikiliza aina ya kelele. Sauti ya kukwaruza au kulia, hasa mashine inapowashwa asubuhi, mara nyingi hutoka kwenye feni iliyokauka. Sauti ya kugonga kwa haraka huenda ni waya unaogusa feni. Sauti ya kubofya inayotoka kwenye diski ni onyo la aina nyingine kabisa: diski inakaribia kufa, na kinachohitajika ni kunakili kazi zote mara moja. Diski haitiwi mafuta na haifunguliwi nyumbani kamwe. Chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu.

MAFUTA GANI YANAFAA?

Ndani ya kompyuta ya mezani, sehemu ambayo mkazi anaweza kuitia mafuta ni ekseli ya feni. Katika kipakatalishi, yaani laptopu, huongezwa bawaba za kioo. Kwingine kote ni umeme, na umeme hauhitaji mafuta. Wapo wanaopulizia mafuta kwenye matundu ya kebo au kwenye kibodi wakidhani wanazuia kutu. Matokeo yake ni kwamba mafuta hunasa vumbi, na vumbi huzuia miguso kukutana.

Kwa feni, mafuta mepesi ya cherehani yanatosha. Hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ushonaji, bei yake ni nafuu, na chupa moja ndogo inaweza kudumu miaka mingi. Ni mepesi kiasi cha kupenya kwenye ekseli nyembamba na hayagandi upesi.

Yafuatayo yasitumike, hata kama yako karibu:

Mafuta ya kupikia. Baada ya muda huchacha na kuwa mazito kama gundi. Feni itanyamaza kwa siku chache, kisha itakwama.

Oili ya gari au pikipiki. Ni nzito mno kwa feni ndogo, na huizuia kuzunguka kwa kasi yake.

Vaselini na grisi ya magurudumu. Hizi hukaa nje ya ekseli bila kupenya na kukusanya vumbi.

Mafuta ya taa na petroli. Hizi huosha mafuta yaliyokuwemo, hushambulia plastiki na zinaweza kulipuka.

Dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu zenye kutu. Mfano unaojulikana sana ni WD-40 ya kawaida. Iliundwa Marekani mwaka wa 1953 kwa ajili ya kuondoa maji na kuzuia kutu, na jina lake linatokana na kazi hiyo ya kuondoa maji. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hukauka hewani. Ikipulizwa kwenye feni, huosha kilainishi cha kiwandani na kuiacha kavu zaidi baada ya muda mfupi.

Kwa bawaba ya kipakatalishi iliyokaza, kinachofaa ni grisi ya silikoni, ambayo haidhuru plastiki. Kiasi cha kichwa cha kiberiti kinatosha, tena kwenye chuma cha bawaba pekee. Ikumbukwe kuwa bawaba imeundwa kushikilia kioo kwa msuguano. Ikilegezwa kupita kiasi, kioo kitaanguka chenyewe. Ikiwa plastiki iliyo karibu nayo imeanza kupasuka, grisi haitasaidia. Bawaba inapaswa kulegezwa na fundi kabla haijang'oa kifuniko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenye printa wanaweza kutumia grisi hiyo hiyo ya silikoni kwenye gia za plastiki. Mipira inayovuta karatasi isiguswe na mafuta ya aina yoyote, kwani itateleza na karatasi hazitapita. Mipira hiyo hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

JINSI YA KUTIA MAFUTA KWENYE FENI

Katikati ya feni nyingi, upande usiozunguka, huwa kuna kibandiko cha duara. Kibandiko hicho kikibanduliwa polepole, huonekana kizibo kidogo cha mpira au ncha ya ekseli. Hapo hutiwa tone moja, au mawili kwa feni kubwa. Feni huzungushwa kwa mkono ili mafuta yaenee, kisha mahali hapo hupanguswa mpaka pakauke na kibandiko kurudishwa. Kibandiko kisiposhika, kipande cha selotepu kitafanya kazi hiyo, kwa kuwa feni isipofunikwa itarusha mafuta kwenye bodi.

Baadhi ya feni zimezibwa kabisa kiwandani na hazina kizibo. Hizo hazitobolewi, hubadilishwa. Aidha, feni iliyotiwa mafuta ikirudia kelele baada ya wiki chache, ekseli yake imelika, na kuendelea kuitia mafuta ni kuahirisha gharama.

GRISI YA PROSESA SI KILAINISHI

Kati ya prosesa na bamba la chuma linaloipoza huwa kuna rojo jembamba, aghalabu la rangi ya kijivu au nyeupe. Wengi huliona na kudhani ni grisi ya kawaida. Kazi yake si kulainisha chochote. Chuma, hata kikionekana laini, kina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo hushika hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana. Grisi ya joto huziba mabonde hayo ili joto litoke kwenye prosesa na kuingia kwenye bamba.

Grisi hii ikikauka, kompyuta hupata moto na kuzima yenyewe, hasa inapofanya kazi nzito. Wakati wa kununua nyingine, mkazi aombe grisi ya joto ya kompyuta isiyopitisha umeme. Aina inayoitwa metali kimiminika haifai kwa matumizi ya nyumbani: hupitisha umeme, na ikigusa bamba la alumini huiharibu. Dawa ya meno, ambayo baadhi ya watu huitumia kama mbadala, hukauka baada ya siku chache na kuacha hali mbaya kuliko ya mwanzo.

Grisi ya zamani huondolewa yote kabla ya kuweka mpya. Kwenye prosesa ya kompyuta ya mezani, kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Kwenye kipakatalishi, chini ya hapo. Ikizidi humwagika pembeni na haipozi zaidi.

Vipakatalishi vingi pia vina vipande laini kama mpira vilivyobandikwa juu ya sehemu nyingine zinazopata joto. Vipande hivyo vina unene maalumu, kwa mfano milimita 0.5, 1 au 1.5. Vikichanika, hununuliwa vya unene ule ule. Kipande chembamba huacha pengo, na kinene huinua bamba lisiikalie prosesa sawasawa.

Cha kusafishia grisi na miguso ni alkoholi ya isopropili yenye kiwango cha asilimia 90 au zaidi, ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki ikiwa na herufi IPA. Spiriti ya kuoshea vidonda huwa na maji mengi zaidi, na sanitaiza ya mikono huwa na vilainishi vya ngozi vinavyobaki kwenye miguso. Alkoholi ya isopropili huwaka moto kwa urahisi. Itumike mbali na jiko, madirisha yakiwa wazi.

CHAJA: VOLTI ZIWE SAWA, AMPEA ZISIPUNGUE

Kwenye kibandiko cha chaja kuna mstari wa umeme unaoingia na mwingine wa umeme unaotoka. Unaoingia uruhusu volti 240, ambazo ndizo za stima ya Kenya. Unaotoka ndio wa kulinganisha na ule ulioandikwa chini ya kipakatalishi.

Volti zinapaswa kulingana. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, lakini zisipungue. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ya volti 19.5 na ampea 4.62 ni ya wati 90. Kipakatalishi cha wati 65 kinaweza kutumia chaja ya wati 90 bila tatizo, kwa kuwa huchukua kiasi kinachohitaji tu. Kinyume chake ni hatari: chaja ya wati 65 ikilazimishwa kulisha mashine ya wati 90 hupata moto, huchaji polepole na huweza kuungua.

Ncha ya chaja nayo ikaguliwe. Ncha mbili zinaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kwa tundu la ndani. Baadhi ya kampuni huweka sindano nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa kompyuta. Ikikosekana au ikivunjika, mashine itawaka lakini haitachaji. Njia salama ni kwenda dukani na chaja ya zamani pamoja na kompyuta yenyewe, kisha kuijaribu palepale.

BETRI: HESABU NDOGO INAYOFICHUA UONGO

Betri hununuliwa kwa nambari ya muundo iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, si kwa jina la kompyuta pekee. Kompyuta mbili za jina moja zinaweza kutumia betri tofauti. Volti nazo zikaguliwe: betri ya 10.8 na ya 11.1 ni za kundi moja, na ya 14.4 na ya 14.8 ni za kundi moja, lakini makundi hayo mawili hayachanganywi.

Ipo pia hesabu ambayo mnunuzi anaweza kuifanya dukani kwa simu yake. Betri nyingi huandikwa volti, uwezo kwa mAh na nguvu kwa Wh. Volti zikizidishwa kwa mAh na jibu kugawanywa kwa 1,000, linapaswa kukaribiana na Wh zilizoandikwa. Betri ya volti 11.1 na mAh 4,400 inapaswa kuonyesha takriban Wh 49. Ikiwa imeandikwa Wh 80, kibandiko hicho kimechapishwa na mtu asiyejali ukweli, na huenda hakujali usalama pia. Betri ya namna hiyo iachwe dukani.

Betri iliyovimba haichajiwi, haibonyezwi wala kutobolewa. Dalili ni kibodi au kifuniko kilichoinuka, au kipakatalishi kinachoyumba kikiwa juu ya meza iliyo sawa. Mashine izimwe na chaja ichomolewe. Ikiwa betri ni ya kutoka kwa urahisi, itolewe na kuwekwa nje, ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto. Ikiwa imefungwa ndani, kazi hiyo ni ya fundi.

BETRI NDOGO YA SAA

Kompyuta ambayo tarehe yake inarudi nyuma kila inapochomolewa kwenye stima huonekana kama yenye ugonjwa mkubwa. Tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama hukaguliwa kwa kutumia tarehe. Mara nyingi tiba ni betri bapa ya CR2032 ya volti 3. Herufi na tarakimu hizo ni vipimo: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Inayoitwa CR2025 ina upana huo huo lakini unene wa milimita 2.5, hivyo huenda isishike vizuri mahali pake.

Betri hizi ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Ikimezwa inaweza kuchoma umio kwa muda wa saa mbili tu. Mpya na za zamani zifichwe, na mtoto anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitalini mara moja, bila kungoja dalili.

RAM, DISKI NA FENI MPYA

Kumbukumbu ya RAM hutambuliwa kwa kizazi chake: DDR3, DDR4 au DDR5. Vizazi hivi havibadilishani, na pengo kwenye ukingo wa kila kimoja liko mahali tofauti. RAM inayokataa kuingia isilazimishwe. Ya kipakatalishi ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Kwa DDR3 kuna tahadhari ya ziada: iliyoandikwa DDR3L hutumia volti 1.35, na ile isiyo na L hutumia volti 1.5. Kipakatalishi kinachohitaji DDR3L kisiwekewe ya kawaida.

Kabla ya kununua RAM mpya kwa sababu kompyuta haiwaki, inafaa kuitoa ya zamani, kuifuta miguso yake ya rangi ya dhahabu kwa alkoholi ya isopropili na kuirudisha. Karibu na bahari, uchafu na unyevu kwenye miguso hiyo huweza kuleta tatizo lote. Kabla ya kuigusa, mtu aguse kwanza chuma cha kasha la kompyuta ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Kwa kompyuta iliyokuwa nzuri ikawa nzito, spea inayoleta mabadiliko makubwa kwa kawaida ni diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka. SSD haina sehemu inayosogea, hivyo haihitaji feni wala mafuta na huvumilia mtikisiko. Zipo za kebo ya SATA za umbo liitwalo inchi 2.5, na zipo za umbo la kijiti ziitwazo M.2. Hizi za M.2 nazo ni za aina mbili, SATA na NVMe, na tundu linaweza kukubali moja na kukataa nyingine. Nambari kama 2242 na 2280 ni vipimo vya milimita: upana wa 22, urefu wa 42 au 80. Muuzaji aonyeshwe diski ya zamani au picha ya tundu lenyewe.

Feni ya kompyuta ya mezani hupimwa kwa milimita kutoka ukingo hadi ukingo. Za kawaida ni 80, 92, 120 na 140. Nyingi hutumia volti 12. Plagi yake yaweza kuwa na matundu mawili, matatu au manne, na ile ya manne ndiyo inayowezesha bodi kuiongoza kasi vizuri. Feni ya kipakatalishi haina vipimo vya jumla. Hununuliwa kwa nambari iliyoandikwa juu yake, na mara nyingi hutumia volti 5.

MPYA, EX-UK AU BANDIA?

Spea za sokoni ziko za aina nne. Kuna za kampuni iliyotengeneza kompyuta; kuna zilizotengenezwa na kampuni nyingine ili zilingane nazo, ambazo si haramu na nyingine ni nzuri; kuna zilizotumika, zinazojulikana kama ex-UK hata zikitoka kwingineko; na kuna bandia, zinazobeba jina la kampuni ambayo haikuzitengeneza.

Spea iliyotumika si mbaya kwa kila kitu. RAM na bawaba huvumilia miaka, na kununua zilizotumika ni busara ikiwa zimejaribiwa. Betri iliyotumika ni hasara, kwa kuwa betri huzeeka hata ikiwa haitumiki. Diski iliyotumika ikaguliwe kwa programu inayosoma saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Programu za bure za kazi hiyo zipo, na muuzaji mwaminifu hatakataa kuifungua mbele ya mteja.

Diski na flashi bandia zina hila ya pekee. Huonyesha kwenye kompyuta ukubwa ambao hazina. Faili hunakiliwa bila malalamiko, lakini kinachozidi ukubwa halisi hupotea. Mnunuzi aijaze diski mpya kwa faili asizozijali, kisha azifungue moja moja, kabla ya kuiamini kwa kazi muhimu.

HAKI ZA MNUNUZI

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Haki hiyo imefafanuliwa katika Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012. Ili kuitumia, mkazi anahitaji ushahidi. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, nambari ya spea, bei na muda wa dhamana. Risiti iliyoandikwa tu "spea ya kompyuta" haimsaidii mtu.

Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS inaweza kukaguliwa kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023. Malalamiko kuhusu ubora hupokelewa na KEBS kwa simu ya bure 1545. Bidhaa bandia huripotiwa kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Muuzaji akikataa kurekebisha hasara, mteja anaweza kufikisha dai lisilozidi Sh1 milioni kwenye Mahakama ya Madai Madogo.

KAZI ZA KUMWACHIA FUNDI

Kasha la kugawa umeme ndani ya kompyuta ya mezani lisifunguliwe nyumbani, hata kama kinachohitajika ni kutia feni yake mafuta. Ndani yake kuna vipande vinavyoweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa kwenye stima. Vivyo hivyo kwa diski yenye kazi muhimu, betri iliyofungwa kwa gundi, na bodi iliyomwagikiwa maji ya bahari.

Spea zilizoharibika zisitupwe chooni wala kuchomwa pamoja na takataka. Zina risasi na kemikali nyingine zinazoingia kwenye udongo na visima, na moshi wake ni sumu. Ziwekwe kando katika chombo kikavu na kukabidhiwa wakusanyaji wa taka za elektroniki walioidhinishwa.

KABLA YA KULIPA

Mkazi anayekwenda dukani abebe spea ya zamani, au picha inayosomeka ya kibandiko chake. Kisha ajiulize maswali haya:

1. Je, kompyuta imesafishwa vumbi kwanza, na tatizo bado lipo?
2. Je, nambari ya spea mpya inalingana na ya zamani?
3. Je, volti ni sawa, na ampea hazijapungua?
4. Je, spea imejaribiwa mbele ya mnunuzi?
5. Je, risiti ina nambari ya spea na muda wa dhamana?
6. Je, kazi zote muhimu zimenakiliwa mahali pengine kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa?

Jibu likiwa "la" kwa swali lolote, pesa zibaki mfukoni kwanza. Swali la sita ndilo zito kuliko yote. Feni, chaja na betri zinaweza kununuliwa tena mjini, lakini picha na hesabu zilizopotea haziuzwi dukani.